Kurwana au kanwana: jinsi Mazamboni alivyompima adui katika vilima vya Irumu

Leo tunarudi nyuma zaidi ya miaka 130, lakini hatutoki Ituri. Swali letu ni la zamani na la sasa pia: mtu anajuaje adui gani apigane naye, na adui gani amwepuke?

Vijana wanaocheza michezo ya vita kwenye simu wana jibu la haraka. Katika michezo ile mchezaji anazunguka porini, anakuta adui, na juu ya kichwa cha adui kuna alama inayoonyesha nguvu zake. Ukiona amekuzidi, unapita kando. Ukikosea, unakufa, kisha unaanza tena pale ulipoachia. Kwenye vilima vyetu hakuna mtu mwenye alama juu ya kichwa, na aliyekufa haanzi tena. Ndiyo sababu habari ya chifu Mazamboni inafaa kusimuliwa.

Mwaka 1887, Mzungu Henry Morton Stanley alitumwa kumtafuta Emin Pasha, gavana wa Equatoria, aliyekuwa amekatiwa njia kaskazini mwa Ziwa Albert kwa sababu ya vita vya Mahdi kule Sudan. Stanley alichukua wapagazi wengi Zanzibar, akazunguka kwa meli hadi mlango wa mto Kongo, akapanda mto, kisha tarehe 28 Juni 1887 akaingia msituni kutoka Yambuya akiwa na watu 389. Msitu wa Ituri uliwamaliza kwa njaa, vidonda na mishale. Walipotoka kwenye nyasi za uwanda mwanzoni mwa Desemba, chini ya nusu ndio waliokuwa bado naye.

Tuangalie kwanza jinsi Stanley mwenyewe alivyochagua maadui. Ndani ya msitu alikutana na wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliotoka upande wa Waswahili, kama Ugarrowwa na Kilonga-Longa. Watu hao waliharibu vijiji vingi na kuchukua watumwa. Kule Ipoto, kwa Kilonga-Longa, wapagazi wenye njaa waliuza hata bunduki zao ili wapate mahindi. Stanley alikasirika sana, akawaadhibu watu wake mwenyewe, lakini kwa wenye mji hakuinua mkono. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa na bunduki, walikuwa na chakula, na nyuma yao alikuwepo Tippu Tip, mtu mkubwa aliyefanya naye mapatano huko Zanzibar mwezi wa Februari mwaka uleule. Kwa wanakijiji wenye upinde na mkuki, mambo yalikuwa mengine: pale waliponyima chakula au kufunga njia, bunduki ilisema. Yaani kipimo chake hakikuwa nani ana haki na nani ana kosa. Alipima nani anaweza kumrudishia pigo. Wenye nguvu wengi hupima hivyo hadi leo.

Sasa twende upande wa wenyeji. Mazamboni alitawala nchi ambayo Stanley aliiandika Undussuma, jina ambalo sisi tunalisikia mara moja katika usultani wetu wa Andisoma. Tarehe 9 Desemba 1887 watu wake waliona msururu wa wageni wenye bunduki ukishuka bondeni kwao. Walipaswa kuamua upesi: hawa ni nani?

Jibu walilokuwa nalo lilitoka katika mateso waliyoyajua. Ng'ambo ya ziwa, katika Bunyoro, mfalme Kabalega alikuwa na askari wa bunduki walioitwa Warasura, na hao walivuka kuja kunyang'anya ng'ombe na watu upande huu. Kwa hiyo, mtu mgeni mwenye bunduki alikuwa ni Mrasura mpaka ithibitike vinginevyo. Hilo halikuwa wazo la kijinga. Lilikuwa fundisho la miaka mingi.

Yalifanyika mazungumzo ya kupaziana sauti kutoka kilima hadi kilima. Stanley anasimulia kwamba maneno mawili yaliwasumbua masikio: kurwana na kanwana. La kwanza ni vita, la pili ni amani. Mwenye kujua Kinyoro ataelewa haraka, kwani okurwana ni kupigana, na okunywana ni kufanya undugu wa damu. Ukiwa na hofu, na upepo unavuma bondeni, silabi moja inatenganisha uhai na kifo. Zawadi za kitambaa na waya wa shaba zilipelekwa kwa chifu. Jibu lililorudi lilikuwa la vita. Tarehe 10 na 11 watu walipigana, mishale kwa Remington na Winchester, na nyumba za Mazamboni zikachomwa moto. Tarehe 13 Stanley akaliona ziwa. Hakupata mtumbwi, wala habari za Emin, basi akarudi hadi Ibwiri msituni, akajenga boma aliloliita Fort Bodo.

Hapo ndipo habari inapogeuka. Mwezi wa Aprili 1888 Stanley alirudi kwenye bonde lilelile. Mazamboni angeweza kulipiza kisasi. Badala yake alituma watu wa kuongea, na ukweli ukatoka: walikuwa wamedhani wale wageni ni Warasura. Katikati ya miezi ile walikuwa wamepata habari mpya. Mzungu mwingine mwenye ndevu, waliyemwita Malleju, naye ni Emin, alikuwa amekuja ziwani kwa chombo chake akiwaulizia wenzake, na alikuwa ameacha barua kwa chifu Kavalli, kwenye uwanda unaotazama ziwa, upande wa Kasenyi ya leo. Mazamboni akafanya undugu wa damu na mmoja wa maofisa wa Stanley. Tarehe 29 Aprili Emin akafika, na Stanley akaonana naye.

Ni kitu gani kilichobadilika kati ya Desemba na Aprili? Bunduki zilikuwa zilezile, na msururu ulitoka msituni uleule. Kilichobadilika ni habari. Mwezi wa Desemba Mazamboni alipima nguvu za mgeni peke yake. Aprili alijua ametoka wapi, anamtafuta nani, na kwamba nia yake ni kupita. Adui anayepita si sawa na adui anayekuja kukaa juu ya shamba lako.

Lakini tusimalize hapo kana kwamba amani ile haikuwa na bei. Mwezi wa Mei 1888 wapiganaji wa Mazamboni walikwenda pamoja na bunduki za Stanley kumpiga chifu jirani aliyeitwa Musiri. Undugu wa damu na mwenye bunduki ulikuwa umegeuka silaha katika ugomvi wa majirani. Mwaka 1889 Stanley na Emin waliondoka kwa Kavalli tarehe 10 Aprili wakiwa na watu kama 1.500. Njiani Stanley akaugua, wakakaa karibu mwezi mzima kwa Mazamboni, na watu wote hao walikula kutoka mashamba ya nchi. Tarehe 8 Mei wakaondoka. Wageni walikwenda zao Ulaya na Zanzibar. Watu wa Mazamboni na watu wa Musiri walibaki kuwa majirani, kila mmoja akikumbuka nani alimleta nani.

Haya tunayasoma katika kalamu ya upande mmoja, yaani Stanley, aliyependa kujisifu. Hata hivyo, tukisoma kwa macho yetu, tunaona maswali ambayo Mazamboni alilazimika kuyajibu. Mgeni huyu ni nani hasa, au tumempa jina la mtu aliyetuumiza zamani? Nani yuko nyuma yake? Anapita, au anakaa? Na nikimfanya rafiki, jirani yangu ataniona mimi kuwa nani?

Swali la kwanza ndilo lililotugharimu zaidi katika Ituri. Kuanzia mwaka 1999, na hapa mjini Bunia mwezi wa Mei 2003, watu wengi waliuawa bila mtu kuwauliza wametoka wapi wala wanakwenda wapi. Sura, jina, au lugha ya mama ilitosha kuwa alama juu ya kichwa. Na hadi leo familia inayofika usiku na magodoro yake kichwani inaweza kuangaliwa kama Warasura, wakati inachotafuta ni mahali pa kulaza watoto.

Na wale waliokimbia msiwaite waoga. Mama aliyesikia risasi, akapima njia, akachukua watoto na kuacha mbuzi, amefanya hesabu ileile ya chifu, tena kwa muda mfupi zaidi. Kumwepuka adui usiyemweza ni akili, na ni yeye aliyewaokoa watoto.

Wazee wa Andisoma na wa kando ya ziwa wanaosimulia habari za Mazamboni na Kavalli kwa mdomo wa nyumbani, wawasimulie vijana, hata pale kambini. Kitabu cha Stanley tunacho tayari. Tunachohitaji sasa ni upande wa wale waliokuwa juu ya kilima, wakitega sikio wasikie kama mgeni amesema kurwana au kanwana.