Jongo la Kaisari na baridi yabisi yetu

Tarehe 25 Oktoba 1555, katika kasri ya Coudenberg hapa Brussels, Kaisari Charles wa Tano alimkabidhi mwanawe Philip utawala wa Nchi za Chini. Aliingia ukumbini akiegemea bega la William wa Orange. Jongo, ambalo Waarabu huliita niqris, lilikuwa limemlemaza viungo.

Miaka kadhaa nyuma, Wareno walikuwa wameleta kutoka Goa dawa mpya ya maumivu hayo: mzizi wa Kichina, uliopita katika bahari yetu ya Hindi. Kaisari akaunywa. Mwaka 1546 tabibu wake Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels, alichapisha waraka unaoeleza namna ya kuuchemsha na kuunywa, wala hakuukubalia sifa zote ulizovumishiwa. Vesalius huyo ndiye aliyechapisha Leuven, mwaka 1537, ufafanuzi wa kitabu cha tisa cha Mansuri cha Abu Bakr al-Razi, kinachoeleza maradhi tangu kichwa hadi miguu. Tibabu ya Kiarabu ilikuwa ikisomwa nchi hii kabla yetu.

Tibabu hiyo ilikuwa na dawa yenye nguvu zaidi: surinjani. Ibn Sina aliitaja kwa maumivu ya viungo, na matabibu wa zamani walijua kuwa huudhi tumbo. Mwaka 1820 Pelletier na Caventou, wakemia wa Paris, waliutenga mmea wa jamii hiyo wakapata kolkisini, ambayo hospitali hutumia hadi leo kwa jongo. Lakini kipimo kinachotibu na kinachoua havikuachana mbali. Ndiyo maana matabibu wa Kiyunani wa Bara Hindi hutenga surinjani tamu na chungu, na ile chungu huiogopa. Tena, dawa inayotuliza jongo si dawa ya goti lililosagika kwa uzee.

Hapa ndipo lugha yetu inapotutatiza. Sisi maumivu yote ya viungo twayaita baridi yabisi. Jina hilo limetokana na elimu ya Jalinus na Ibn Sina, iliyogawa tabia za vitu katika joto, baridi, unyevu na ukavu. Linasema mgonjwa anavyohisi. Ugonjwa wenyewe halituambii. Jongo la Charles twalijua kwa yakini kwa sababu mwaka 2006 wataalamu wa Hispania walichapisha uchunguzi wa kidole chake kilichohifadhiwa, wakakuta kimejaa yuriki.

Familia zetu zilizohamia Ulaya zingali na daftari za dawa za mababu, na wazee wengine huzitumia pamoja na vidonge vya hospitali. Daftari hizo ni hati za historia, zihifadhiwe. Anayenakili asiishie kwenye jina la mti. Aandike maumivu yalikuwa wapi, yalianza ghafla au polepole, kipimo kilikuwa kiasi gani, na mgonjwa aliishiaje. Na mzee anayekunywa dawa ya daftari amwonyeshe daktari wake chupa hiyo, hasa ikiwa ni surinjani.