Makombe ya Ziwa Tanganyika

Sisi wa Sumbawanga tunaishi juu ya uwanda wa Ufipa, kati ya mabonde mawili: la Rukwa mashariki na la Ziwa Tanganyika magharibi. Makombe ya ziwa hilo yaliwahangaisha wataalamu kwa miaka mingi.

Mwaka 1858 Mwingereza Speke aliyakusanya makombe ya konokono huko ziwani. Mwaka uliofuata yalielezwa mjini London, yakaonekana kufanana mno na ya baharini. Baadaye J.E.S. Moore alifika ziwani mara mbili, na mwaka 1903 akatoa kitabu, The Tanganyika Problem. Yeye aliamini kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya enzi ya Jurasi, enzi iliyokwisha miaka milioni 145 hivi iliyopita.

Ardhi yenyewe ilikataa. Bonde la ziwa lilianza kufunguka miaka milioni 9 hadi 12 tu iliyopita. Konokono wale ni wa ukoo wa maji baridi. Magamba yao yalikuwa manene kwa kuwa ziwani wamo kaa wenye magando ya kuyavunja. Adui wa namna moja huleta ngao ya namna moja, iwe baharini au ziwani.

Basi sura ya kiumbe hutueleza maisha yake kuliko nasaba yake. Si jambo la konokono peke yao. Mwaka 1994, kwa majirani zetu wa Rwanda, wapo waliouawa kwa kutazamwa pua na kimo tu. Mwalimu anayefundisha somo hili asiliishie ufukweni.