Neno Moja la Bwana Leborgne

Mjomba wangu alipopata kiharusi alibakiwa na neno moja: "basi". Ukimwamkia shikamoo, anajibu "basi". Ukimuuliza kama ana njaa, "basi". Akikasirika kwa sababu hatumwelewi, "basi, basi, basi!" mpaka machozi yanamtoka. Na huyu ni mtu aliyeendesha lori nusu ya maisha yake, ambaye kwa visa vya njiani hakuna wa kumfikia kwenye ukoo wetu.

Hospitalini, daktari aliinua picha ya CT kuelekea dirishani akatuonyesha doa jeusi upande wa kushoto. "Tatizo liko hapa," alisema. Mama aliliangalia lile doa kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Sasa, daktari, maneno yake yamekwenda wapi? Yamefutika, au yamefungiwa ndani?" Daktari alikuwa kijana mstaarabu. Alijibu kuwa picha haionyeshi hilo.

Swali la mama ndilo lililonifanya nianze kusoma jinsi wanasayansi wanavyouchunguza ubongo. Nilitarajia kukuta hadithi ya mashine, kila mpya ikiifukuza ya zamani. Kumbe sivyo. Nilichokuta ni mtu mmoja wa Ufaransa ambaye ubongo wake umesomwa na kusomwa tena kwa karibu karne moja na nusu, kila mara kwa kipimo kingine, na kila kipimo kikaongeza jambo ambalo cha kabla yake hakikuliona.

Mtu huyo ni Leborgne. Alipoteza usemi akiwa na umri wa miaka 30 hivi, akapokelewa katika hospitali ya Bicêtre, nje kidogo ya Paris, akaishi humo miaka 21. Neno lake lilikuwa "tan", na kwa kawaida alilitamka mara mbili: tan, tan. Wenzake wodini wakamwita hivyo hivyo, Tan. Akichokozwa sana, tusi zima lilimponyoka, kisha anarudi kwenye tan yake.

Miaka ikapita, mkono na mguu wake wa kulia vikapooza. Aprili 1861 mguu ule ukaanza kuoza, akahamishiwa wodi ya upasuaji, mikononi mwa daktari Paul Broca. Broca hakuwa na mashine yoyote. Alimuuliza mgonjwa wake maswali na kusubiri majibu. Umekaa Bicêtre miaka mingapi? Leborgne akafungua kiganja chake cha kushoto mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Tano mara nne, na moja juu: 21. Alipatia. Kwa hiyo kuelewa kulikuwepo na hesabu ilikuwepo. Kilichokwama ni usemi.

Leborgne alifariki tarehe 17 mwezi uleule. Broca alilifungua fuvu, akakuta sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto, imelika. Mara moja akauwasilisha ubongo huo mbele ya Chama cha Anthropolojia cha Paris. Kabla mwaka haujaisha akapata mgonjwa wa pili, mzee Lelong, ambaye naye alikuwa amebakiwa na maneno machache tu, na jeraha lake lilikuwa karibu na palepale. Mpaka leo sehemu hiyo inaitwa eneo la Broca.

Hiyo ndiyo mbinu kongwe: msikilize mtu akiwa hai, mfungue akishafariki, kisha linganisha ulichosikia na ulichokiona. Nguvu yake ni kwamba inagusa chanzo. Sehemu imeharibika, uwezo umepotea, na wewe una sababu ya kuviunganisha. Udhaifu wake ni kwamba ugonjwa haufuati mipaka. Hauli eneo moja ukaliacha la jirani ili mwanasayansi apate jibu safi. Tena jibu huja kwa kuchelewa. Broca aliuona ubongo wa mtu aliyeugua miaka 21, hakuuona ule wa siku usemi ulipokatika.

Hapa Broca alifanya uamuzi ambao mimi naushukuru. Hakuukata ule ubongo vipande. Aliuhifadhi mzima, ukawekwa kwenye jumba la makumbusho la Dupuytren mjini Paris. Maana yake ni kwamba yeye mwenyewe hakuona kilichokuwa ndani zaidi. Lakini aliwaachia waliokuja baadaye kitu cha kusoma.

Waliokuja baadaye walikuja na mashine. Ya kwanza ilikuwa CT, inayopiga eksirei kutoka pande nyingi, kisha kompyuta inaunganisha vivuli hivyo na kukuonyesha kichwa slesi kwa slesi, kama mkate. Hesabu zake ziliandikwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mashine ilitengenezwa Uingereza na Godfrey Hounsfield, akiwa mwajiriwa wa EMI, kampuni ileile iliyokuwa ikiuza santuri za muziki. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971, na mwaka 1979 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1984 watafiti walichapisha picha za CT za ubongo wa Leborgne, na kwa mara ya kwanza watu wakaona kilichofichika chini ya uso wake.

Mwaka 2007 Nina Dronkers na wenzake waliupima tena kwa MRI. Hiyo haitumii eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu sana na mawimbi ya redio kuamsha ishara kutoka kwenye maji yaliyomo mwilini, na kwa nyama laini kama ubongo huona vizuri kuliko CT. Walikuta uharibifu umezama ndani sana kuliko alivyoona Broca, mpaka kwenye nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na ya nyuma. Walikuta pia kwamba mahali Broca alipopanyooshea kidole hapalingani kabisa na mahali ambapo vitabu vya leo vinapaita kwa jina lake!

Je, Broca alikosea? Mimi sisemi hivyo. Aliripoti kwa uaminifu kile ambacho macho yake yaliweza kufika. Tatizo ni letu sisi wasomaji, tuliochukua jibu la kipimo kimoja tukaligeuza kuwa jibu la mwisho.

Kuna vipimo ambavyo Leborgne hawezi kupimwa kabisa, kwa kuwa vinadai mtu aliye hai. EEG ni kimojawapo. Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani, alirekodi mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kuyatangaza mwaka 1929. Kisa chake kingefaa riwaya. Alipokuwa kijana jeshini alianguka kutoka kwenye farasi akaponea chupuchupu, na siku hiyohiyo ikafika simu ya maandishi kutoka nyumbani: dada yake alikuwa ameingiwa na hofu juu yake. Berger akaamini mawazo yanaweza kusafiri, akatumia maisha yake kuitafuta nguvu hiyo. Mawazo yanayosafiri hakuyapata. Alichopata ni kipimo kinachowasaidia wagonjwa wa kifafa hadi leo.

Kingine ni fMRI, kilichotokana na kazi ya Seiji Ogawa mwaka 1990. Zile picha za ubongo wenye madoa mekundu unazoziona magazetini, chini yake wameandika eti hapa ndipo penye mapenzi, mara nyingi zinatoka huku. Lakini fMRI haipigi picha ya wazo. Inafuatilia oksijeni kwenye damu inayokimbilia sehemu iliyofanya kazi, na damu hiyo hufikia kilele sekunde tano hivi baadaye.

Fikiria uko nje ya nyumba yenye harusi, ukuta mrefu, huoni ndani. EEG ni kuisikia ngoma: unajua papo hapo mdundo umebadilika, lakini huna uhakika inapigwa chumba gani. fMRI ni kuangalia sinia za chai zinaelekea chumba gani: unajua wageni wako wapi, lakini chai hufika mazungumzo yakiwa yameshasonga. CT na MRI ya kawaida hukuambia ukuta upi umebomoka. Hakuna hata kimoja kinachokuambia maneno ya wimbo.

Na anayesoma sinia anaweza kujidanganya. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake huko Marekani walimweka samaki samoni ndani ya mashine ya fMRI, wakamwonyesha picha za watu na "kumuuliza" wana hisia gani. Samaki alikuwa maiti. Walipofanya hesabu bila kusahihisha makosa ya bahati nasibu, madoa yakatokea kwenye ubongo wake, kama vile anafikiri. Wao walitaka kuonya: kipimo ni kizuri, ila hesabu ya kizembe humfanya hata maiti aonekane na mawazo.

Limebaki somo la mwisho la Leborgne, na halikuhitaji sumaku. Kwa zaidi ya karne alijulikana kwa jina la ukoo na neno lake moja tu. Mwaka 2013 mwanahistoria kutoka Poland, Cezary Domański, alichapisha alichokikuta kwenye kumbukumbu za serikali. Jina kamili ni Louis Victor Leborgne, aliyezaliwa Moret mwaka 1809, mtoto wa mwalimu wa shule. Alikuwa fundi wa kuchonga kalibu za viatu. Moret palikuwa na vinu vya kusaga magome ya kulainishia ngozi, na magome hayo kwa Kifaransa huitwa tan. Domański anakisia kuwa huenda neno lile lilikuwa mabaki ya utoto wake. Ni dhana tu, lakini ni dhana ambayo hakuna mashine ingeweza kuitoa.

Swali la mama sijapata jibu lake kamili. Ila nilipomaliza kusoma habari za kile kiganja kilichofunguliwa mara nne, niliacha kumuuliza Mjomba maswali yanayodai maneno. Juzi nilimuuliza lori lake la mwisho lilikuwa na matairi mangapi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto, akafungua kiganja cha kushoto mara mbili.

"Kumi?" nikauliza.

"Basi," akasema, na safari hii alicheka.