Mtoto Huyu Ametoka Wapi?

Ukifika mwaloni Kirumba asubuhi, boti zikishusha dagaa, utaona haishuki mizigo peke yake. Hakosekani mama aliyembeba mtoto, kamfunika kanga usoni, anauliza gari la kwenda Bugando. Nimekulia hapa, nimewaona tangu utotoni, na wala sikuwahi kuuliza wametoka wapi.

Kumbe swali hilo lina historia. Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye, akiwa Jinja, akachungulia dirishani akamwona mtoto mwingine wa hivyohivyo. Mwaka 1958 akaandika juu ya uvimbe huo, lakini kuandika hakukumtosha. Alitaka kujua: watoto hawa wanatoka wapi?

Akatuma picha na maswali kwenye hospitali za mbali, na majibu akayaweka kwenye ramani. Oktoba 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakazunguka karibu kilomita 16,000 hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani ikatoa jibu: ugonjwa unakaa kwenye joto na mvua, milimani kwenye baridi haupo. Yaani uko kule kule waliko mbu. Mwaka 1964 wanasayansi wa London walikuta virusi kwenye chembe za uvimbe zilizotumwa kutoka Uganda. Leo tunajua kwamba virusi hivyo, ambavyo wengi wetu tunavyo bila kudhurika, vikikutana na malaria ya kujirudiarudia vinaweza kumletea mtoto saratani. Na sisi wa kandokando ya ziwa tumo ndani ya ramani ile.

Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, juu ya kilima kinachoutazama mji. Serikali iliichukua, kisha mwaka 1985 ikarudi mikononi mwa maaskofu Wakatoliki, wakaiendesha kwa ubia na serikali. Si hospitali ya watoto peke yao, lakini mtoto akizidiwa Geita, Simiyu, Mara au Kagera, rufaa huishia pale.

Sasa, uvimbe wa Burkitt una mambo mawili. Unakua haraka mno, unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku mbili hivi. Lakini pia unasikia dawa. Burkitt mwenyewe aliona watoto wakipona. Kwa hiyo siku za njiani ni sehemu ya ugonjwa. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Sengerema au Geita alisubiri kivuko cha Busisi. Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita tatu hivi, na foleni ile ikaisha. Wa Ukerewe na visiwa vingine bado wanategemea boti.

Tena dawa hazitolewi mara moja zikaisha. Mtoto anatakiwa kurudi, na kurudi tena. Uvimbe ukishanywea, nyumbani wanaona kapona, na nauli ya safari ya tatu inakuwa ugomvi.

Pale mapokezi swali bado linaulizwa, likaandikwa kwenye faili: ametoka wapi? Burkitt alilichukua jibu akapanda gari. Sisi tukishaliandika, tunamwachia mama atafute mwenyewe nauli ya kurudi.