Aubrey Faulkner: Nyota wa kriketi aliyedhoofishwa na malaria

MWEZI Agosti 1916 majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali Jaap van Deventer yaliingia Kilosa, kisha yakaelekea kusini, upande wa Mikumi na Kidodi, kuwafuata Wajerumani. Malaria iliwaangusha askari wake wengi. Mwanamichezo mashuhuri wa nchi yao, Aubrey Faulkner, hakuwa pamoja nao. Yeye alitumikia kikosi cha mizinga cha Uingereza, huko Makedonia na Palestina. Malaria ilimpata hata hivyo.

Faulkner alizaliwa Port Elizabeth Desemba 17, 1881. Aliingia timu ya taifa Januari 1906 mjini Johannesburg, katika mechi ambayo Afrika Kusini iliishinda England kwa mara ya kwanza, tena kwa wiketi moja tu. Alikuwa miongoni mwa warushaji wanne wa timu hiyo waliosifika kwa "gugli", mpira unaozungushwa kwa hila ya kifundo cha mkono ili ukishadunda uende upande asioutarajia mpigaji. Reggie Schwarz alijifunza ujanja huo Uingereza kwa mbunifu wake, Bernard Bosanquet, akawapa wenzake. Mwaka 1907 mjini Leeds, Faulkner aliwatoa Waingereza sita kwa mikimbio 17 tu.

Kurusha kulikuwa nusu ya kipaji chake. Katika ziara ya Australia ya 1910-11 alipata mikimbio 732 kwa mechi tano, ikiwamo 204 aliyoipata Melbourne. Hakuna Mwafrika Kusini aliyewahi kufikisha 200 kabla yake. Kwa mechi zake zote 25 za Test alipata mikimbio 1,754 na wiketi 82, wastani wa 40.79 kwa kupiga na 26.58 kwa kurusha. Hata Garfield Sobers, bingwa wa mabingwa, hakuwa na wastani wa kurusha mzuri kiasi hicho.

Vita ilimwachia nishani ya DSO na mwili dhaifu. Hata hivyo, Agosti 1921 mjini Eastbourne, akiwa na miaka 39, alipata mikimbio 153 na wiketi sita, na timu ya Archie MacLaren, iliyokuwa imetolewa yote kwa 43 katika zamu ya kwanza, ikawashinda Waaustralia kwa 28. Wageni hao hawakuwa wamefungwa katika ziara hiyo.

Mwaka 1924 aliitwa tena Lord's akiwa na miaka 42. Hakupata wiketi hata moja.

Baadaye alifungua shule ya kriketi London, alikopita Ian Peebles, mrushaji wa England. Faulkner alijitoa uhai shuleni hapo Septemba 10, 1930.