Kilima cha nyani wa London

Mwaka 1925 bustani ya wanyama ya London iliweka nyani wa hamadria wapatao 100 kwenye kilima cha mawe, karibu wote madume. Mwaka 1927 wakaongezwa majike 30. Ikawa vurugu tupu: madume waliwagombania hadi majike wengi wakafa. Solly Zuckerman akatoa kitabu mwaka 1932, akidai jamii za nyani na sokwe hushikiliwa na ngono na ubabe.

Miaka ya 1960 Hans Kummer aliwafuata hamadria porini Ethiopia. Kumbe huko dume huwa na majike wake, na wenzake kwa kawaida hawamwingilii.

Zuckerman hakudanganya, mapigano yalitokea kweli. Tatizo ni mazingira yenyewe. Kwa hiyo ukienda kuangalia wanyama, kwanza andika: wapo wangapi, eneo lina ukubwa gani, nani kawakusanya?