Waya Uliohamisha Uamuzi: Historia ya Themostati ya Ukutani

Historia ya themostati, kile kifaa cha ukutani kinachoamuru tanuri lipashe nyumba joto au kiyoyozi kiipoze, kwa kawaida huelezwa kama historia ya metali. Huambiwa kwamba watu walijua metali hupinda ikipata joto, mmoja wao akaifunga kwenye swichi, na kazi ikaisha. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaacha swali kubwa bila jibu. Ujuzi wa kudhibiti joto bila mkono wa mtu ulikuwapo Ulaya kwa zaidi ya miaka 250 kabla ya kifaa hicho kutundikwa kwenye ukuta wa darasa au sebule. Kama ujuzi ulikuwapo, kwa nini watu waliendelea kuvumilia vyumba vyenye baridi kali asubuhi na fukuto mchana? Hoja ya makala haya ni kwamba kilichokosekana ni njia ya kutenganisha mahali joto linapohisiwa na mahali joto linapotengenezwa. Njia hiyo ilikuja kuwa waya mwembamba uliopita ndani ya ukuta, na waya huo, zaidi ya metali, ndio uliobadilisha nani ana haki ya kuamua chumba kiwe na joto kiasi gani.

Tuanze na Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyefanya kazi Uingereza mwanzoni mwa karne ya 17 na kufariki London mwaka 1633. Drebbel alitengeneza tanuri, na pia mashine ya kutotolesha vifaranga, ambavyo vilijirekebisha vyenyewe. Kimiminika kilichofungiwa ndani kilitanuka kwa joto na kusukuma zebaki, nayo zebaki ikapanda na kufunga tundu la hewa. Hewa ikipungua, moto hufifia. Moto ukififia, kimiminika husinyaa na tundu hufunguka tena. Kanuni nzima ya themostati imo humo. Katikati ya karne ya 18, mtengeneza saa Mwingereza John Harrison aliunganisha metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti, ili ukanda wake upinde joto linapobadilika na kuirekebisha saa ya baharini. Mwaka 1830 Andrew Ure, mwanakemia kutoka Scotland aliyezijua vizuri shida za viwanda vya nguo, alipata hataza ya kutumia metali ya namna hiyo kudhibiti joto. Lakini katika tanuri la Drebbel na katika mpango wa Ure, metali au kimiminika kilipaswa kufanya kazi mbili kwa pamoja: kuhisi joto, na kusukuma kilango au vali kwa nguvu yake chenyewe. Kwa hiyo ilibidi kikae karibu na moto au bomba ambalo kilitakiwa kulitawala. Kingeweza kulinda joto la tanuri, lakini hakikuweza kujua mtoto aliyekaa ghorofa ya pili anahisi nini.

Mabadiliko yalitokea Marekani, kwenye majimbo ya kaskazini ambako joto la Januari hushuka hadi nyuzi sentigredi 20 chini ya sifuri na zaidi. Warren Johnson alikuwa akifundisha katika chuo cha ualimu cha serikali mjini Whitewater, Wisconsin. Utaratibu wa majengo kama hayo ulikuwa mmoja: mtunza jengo alipita darasa hadi darasa kusoma kipimajoto, akikatiza masomo, kisha akashuka chini ya jengo kurekebisha vilango vya hewa ya moto. Mwaka 1883 Johnson alipata hataza ya kifaa cha umeme kilichomaliza usumbufu huo. Darasani kulikuwa na metali iliyojikunja. Ilipofika kiwango fulani cha joto ilifunga saketi, na kengele ikalia chini, alikokuwa mchochea moto. Tuitazame kazi ya kifaa hicho kwa makini, kwa sababu ndiyo ushahidi mkubwa wa hoja yangu. Hakikufungua kilango wala kugusa makaa. Kwa maana ya Drebbel, kilikuwa kifaa duni kuliko tanuri la miaka 250 nyuma, kwani bado kilimhitaji mtu. Hata hivyo kilifanya jambo ambalo tanuri la Drebbel halikuweza kulifanya, yaani kupeleka habari za chumba mahali pa moto. Mwaka 1885 Johnson na wafadhili wake walianzisha kampuni mjini Milwaukee, na biashara ya kudhibiti joto la majengo ikazaliwa.

Mwaka huohuo, mjini Minneapolis, mhamiaji kutoka Uswisi aitwaye Albert Butz alimaliza nusu iliyobaki. Kifaa chake, kilichopata hataza mwaka 1886, kiliunganisha themostati ya chumbani na injini ndogo ya springi iliyokaa karibu na tanuri. Chumba kilipopoa, themostati ilifunga saketi ya betri. Sumaku ikavuta kizuizi, injini ikazunguka nusu mzunguko tu na kusimama, na mnyororo uliofungwa kwenye mkono wake ukainua kilango cha hewa. Moto ukapata pumzi na kuwaka. Chumba kilipofikia joto lililotakiwa, injini ilizunguka nusu iliyobaki na kilango kikafungwa. Umeme wa betri haukuwa na nguvu ya kuinua kilango, na haukuhitaji kuwa nayo, kwa kuwa springi ilibeba mzigo na waya ukabeba amri peke yake. Kampuni iliyotokana na uvumbuzi huo ilianza mwaka 1906 kuuza themostati yenye saa, ili nyumba ipate joto kabla wenyewe hawajaamka, na mwaka 1927 ikaungana na kampuni ya Mark Honeywell wa Wabash, Indiana. Jina la Honeywell bado limo kwenye kuta nyingi hadi leo.

Msomaji makini atapinga kwamba waya usingekuwa na maana bila tanuri moja la kupasha jengo zima, na kwamba tanuri hilo ndilo lililoleta mabadiliko. Ni kweli kwamba pasingekuwa na waya pasipokuwa na tanuri la pamoja. Nyumba yenye jiko katika kila chumba haina haja ya kutuma ujumbe, maana aliyekaa karibu na moto ndiye anayeuchochea. Lakini tanuri la pamoja peke yake lilikuwa limeleta tatizo, halijaleta suluhisho. Liliuondoa moto machoni pa watu waliouhitaji na kuukabidhi kwa mtu mmoja chini ya jengo. Waya ndio uliowarudishia watu hao sauti. Pingamizi la pili ni zito zaidi: mifumo mikubwa ya Johnson yenyewe, kwa maelfu ya majengo, haikutumia waya bali mabomba membamba ya hewa iliyobanwa, na hewa hiyo ndiyo iliyosukuma vali za mvuke. Nalikubali. Umeme haukuwa njia pekee. Lakini bomba hilo lilifanya kazi ileile, yaani kuunganisha ukuta wa kila chumba na vali yake. Linaonyesha kwamba hitaji la kuhamisha uamuzi lilikuwa kubwa kiasi cha kupata njia mbili, na halionyeshi kwamba metali pekee ingetosha.

Palikuwa pia na gharama ambayo haifai kufichwa. Mchochea moto hakuacha kazi siku themostati ilipofungwa. Makaa bado yalihitaji koleo na majivu bado yalihitaji kuzolewa. Alichopoteza ni uamuzi. Kabla ya hapo, ujuzi wa kuusoma moto na kujua jengo linachelewa kiasi gani kupata joto ulikuwa wake, na walimu na wapangaji walimtegemea. Baada ya hapo akabaki na koleo, na amri zikawa zinatoka ukutani. Anayesifu themostati kwa kuwapa watu uhuru vyumbani mwao anapaswa kutaja pia kwamba uhuru huo ulichukuliwa mikononi mwa mtu mwingine.

Kazi ya fundi wa leo katika nyumba za Marekani bado imejengwa juu ya mgawanyo uleule wa amri na nguvu. Anazima umeme kwenye swichi kuu, anafungua kifaa cha zamani kwa bisibisi, na ukutani anakuta nyaya nyembamba zenye umeme wa volti 24 unaotoka kwenye transfoma ya tanuri. Kila waya una herufi yake kwenye kifaa: R huleta umeme, W huita joto, Y huita ubaridi kwa kuwasha kompresa, G huwasha feni, na C hurudisha umeme kwenye transfoma ili saketi ikamilike. Rangi za nyaya mara nyingi hufuata herufi, nyekundu, nyeupe, njano na kijani, lakini fundi mwangalifu haamini rangi mpaka atazame kila waya umefungwa wapi upande wa tanuri. R ikigusana na C, fyuzi ndogo kwenye tanuri huungua; hiyo ndiyo sababu ya kuzima umeme kwanza. Hakuna hata waya mmoja kati ya hizo unaobeba nguvu ya kuendesha kompresa. Baada ya mhandisi Willis Carrier kuonyesha mwaka 1902, katika kiwanda cha uchapaji Brooklyn, namna ya kutawala unyevu na joto la hewa, na viyoyozi kuingia majumbani miongo kadhaa baadaye, ukuta haukuhitaji falsafa mpya. Uliongezewa nyaya chache tu, na kifaa kimoja kikatawala moto na ubaridi.

Hoja yangu inaonekana vizuri zaidi katika themostati ya duara iliyobuniwa na Henry Dreyfuss na kuanza kuuzwa mwaka 1953. Ndani yake metali iliyojikunja kama springi ya saa ilibeba kichupa cha kioo chenye tone la zebaki. Metali ilipolegea au kukaza, kichupa kiliinama, zebaki ikatiririka upande mmoja na kuunganisha nyaya. Duara halionekani limepinda hata likiwa limepinda, kwa hiyo macho hayakutosha, na fundi alilazimika kulisawazisha bamba la ukutani kwa pima maji. Kosa dogo hapo lilimaanisha kwamba nyuzi 20 zilizoandikwa hazikuwa nyuzi 20 chumbani. Na hata kifaa kilichosawazishwa vizuri kingeweza kudanganywa na mahali kilipofungwa. Jua la dirishani hukifanya kiamini chumba kizima kina joto. Upepo baridi unaopanda ndani ya ukuta kupitia tundu la nyaya hukifanya kiamini kinyume. Ndiyo maana mafundi hukifunga kwenye ukuta wa ndani, kama mita 1.5 kutoka sakafuni, mbali na milango, na kuliziba tundu lile. Kuchagua ukuta ni kuchagua ni sehemu gani ya nyumba itasikilizwa na tanuri, na sehemu gani itavumilia.

Uamuzi ukishakaa ukutani, wengine nao huutafuta. Mafuta yalipoadimika mwaka 1973, Rais Nixon aliwaomba Wamarekani washushe themostati zao hadi wastani wa nyuzi sentigredi 20 mchana. Februari 1977 Rais Carter, akiwa amevaa sweta mbele ya kamera, aliomba nyuzi 18 mchana na 13 usiku, na mwaka 1979 serikali yake iliweka mipaka ya lazima kwa maofisi, maduka na majengo mengine ya umma, mipaka iliyofutwa na Rais Reagan mwaka 1981. Miaka mia moja kabla ya hapo, ombi kama hilo lingepelekwa kwa wachochea moto na wauza makaa. Sasa lilimfikia kila mwenye nyumba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kidude cha kuzungusha.

Pingamizi la mwisho ni la zama zetu: je, waya haujapitwa na wakati, sasa kifaa kinapozungumza na simu kupitia intaneti? Themostati ya intaneti iitwayo Nest ilipoingia sokoni mwaka 2011, tatizo lililowasumbua wanunuzi wengi lilikuwa waya wa C. Themostati ya zebaki haikuhitaji umeme wa kuishi. Yenye kioo na intaneti huuhitaji saa zote, na nyumba nyingi za zamani hazikuwa na waya huo ukutani. Watu waliotaka kifaa kipya kuliko vyote walijikuta wakivuta waya mpya au kununua adapta. Mawasiliano ya mbali yanaweza kuongeza mkono wa mwenye nyumba, na pia wa kampuni ya umeme au mwajiri, lakini mara nyingi kifaa bado kinaishi kwa waya na kinahukumu joto kutoka sehemu moja ya ukuta.

Afrika Mashariki nayo inaguswa na historia hii. Katika pwani yetu, kiyoyozi cha kawaida kinachotumia rimoti hupima joto kwenye hewa inayoingia katika kifaa chenyewe, juu karibu na dari, na hivyo kimerudi kwenye hali ya Drebbel: kinachohisi kimekaa pamoja na kinachotenda. Maofisi na hoteli zenye mfumo mmoja wa kupoza jengo zima, Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, zina kidhibiti cha ukutani, na huko ndiko swali la Whitewater, la habari za chumba gani zifike kwenye mashine, linakorudi. Wajenzi wanaopitisha nyaya kabla ya plasta wanapaswa kuongeza waya mmoja wa akiba, maana ni rahisi sasa na ni ghali baadaye. Na kabla ya fundi kutoboa ukuta, waulizwe watu watakaokaa chumbani humo, si mwenye jengo peke yake, kwa sababu ukuta utakaochaguliwa siku hiyo ndio utakaowasemea kwa miaka mingi.